Kwa nini dawa hii haina kidonge? Somo kuhusu nyongo, vifuko vya mafuta na joho la bakteria





Mwaka jana nilikuwa katika mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja hapa Bujumbura. Katika zamu zangu alikuwepo kijana mwenye homa ya uti wa mgongo, ile inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka, ambaye huwashambulia zaidi watu ambao kinga yao imedhoofika. Kila asubuhi aliwekewa dripu ya dawa iitwayo amfoterisini B. Ilichukua saa kadhaa kuisha, na mara nyingi kijana alitetemeka kwa baridi huku mama yake akimfunika kitenge juu ya blanketi. Siku ya nne mama akanishika mkono akaniuliza: “Mwanangu, dawa hii haina vidonge? Tungemeza nyumbani.” Nikamjibu: “Hapana mama, hii ni ya mshipa tu.” Akashukuru, akanyamaza.

Nililomwambia lilikuwa kweli, lakini sikuwa nimemjibu. Yeye aliuliza juu ya vidonge, nami sikujua kwa nini havipo. Nimeandika somo hili ili nilipe deni hilo. Darasani haya tunayasoma kwa Kifaransa, na wengi wetu tukirudi Buyenzi au Kinama tunashindwa kuyaeleza kwa lugha tunayozungumza na mama zetu. Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu anakigusa kila siku.

1. Sabuni hufanya nini?

Ukimaliza kula wali na mukeke wa kukaanga kwa mawese, vidole vinabaki na mafuta. Maji peke yake hayayaondoi, maana maji na mafuta havichanganyiki. Ukipaka sabuni, mafuta yanaondoka. Sabuni imefanya nini?

Kila chembe ya sabuni ina sehemu mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia unaokimbia maji na kupenda mafuta. Chembe hizo zikikutana na tone la mafuta, mikia huzama ndani ya mafuta na vichwa hubaki nje majini. Zikiwa nyingi, huligawa tone hilo vipande vidogo sana na kukizunguka kila kipande pande zote. Kijipira hicho, chenye mikia ndani na vichwa nje, huitwa miseli. Miseli huelea majini bila shida, na maji yanapokwenda huenda nayo. Kitu chochote chenye tabia hii wanakemia hukiweka katika kundi moja, iwe ni sabuni ya kipande iliyopikwa kwa mawese, iwe ni unga wa kufulia, au iwe ni kitu kinachotengenezwa ndani ya mwili wako, kama tutakavyoona.

2. Kifuko cha mafuta ni nini?

Sasa chukua chembe nyingine inayofanana na sabuni, lakini yenye mikia miwili badala ya mmoja. Hiyo ni fosfolipidi. Imo katika kiini cha yai, katika soya, na katika utando unaozunguka kila seli ya mwili wako. Kwa sababu ya mikia yake miwili, umbo lake ni nene, haliwezi kujikunja kuwa kijipira kidogo kama miseli. Badala yake fosfolipidi hujipanga bega kwa bega katika safu mbili, mikia ikielekeana katikati na vichwa vikitazama maji pande zote mbili. Safu hizo mbili kwa pamoja zina unene wa nanomita 4 hadi 5 tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Utando kama huo hauvumilii kingo zake kuwa wazi majini, kwa hiyo hujifunga wenyewe ukawa mfuko. Maji hubaki ndani, maji yako nje, na ukuta wa mafuta uko katikati. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham, aliyefanya kazi Babraham karibu na Cambridge, alivitazama vifuko hivyo kwa hadubini ya elektroni akaonyesha kwamba vinajitengeneza vyenyewe pale fosfolipidi kavu inapotiwa maji. Baadaye vikapewa jina la liposomu. Watu wa dawa wakaona faida mara moja: dawa inayopenda maji unaweza kuiweka ndani ya mfuko, na dawa inayopenda mafuta unaweza kuipachika ukutani.

3. Dawa moja, mavazi mawili

Turudi kwenye kitanda cha kijana yule. Amfoterisini B ni dawa kongwe na yenye nguvu dhidi ya fangasi, lakini haiyeyuki katika maji. Ili iweze kuingia mshipani, dawa ya zamani huchanganywa na deoksikolate ya sodiamu. Katika chupa ya miligramu 50 za dawa kuna takriban miligramu 41 za deoksikolate. Hii deoksikolate ni chumvi ya nyongo, na chumvi ya nyongo ni sabuni. Yaani dawa ya zamani imebebwa na sabuni. Ikiingia katika damu, hugusa pia seli zetu wenyewe, na figo huumia. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka, na ndiyo maana tunampima damu mara kwa mara tukiangalia figo na potasiamu.

Vazi la pili la dawa hiyohiyo ni liposomu: amfoterisini imepachikwa katika ukuta wa vifuko vyenye kipenyo chini ya nanomita 100. Figo huumia kidogo zaidi, kwa hiyo dozi inaweza kuwa kubwa kwa mara moja. Mwezi wa Machi 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na kwa jirani zetu Uganda, mjini Kampala na Mbarara. Kundi moja lilipewa dripu ya dawa ya zamani kwa siku 7 pamoja na vidonge vingine. Kundi la pili lilipewa dripu moja tu ya liposomu siku ya kwanza, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge. Baada ya wiki 10 waliofariki katika kundi la dripu moja walikuwa asilimia 24.8, na katika kundi la siku 7 walikuwa asilimia 28.7. Madhara makali ya dawa yaliwapata asilimia 50 upande wa liposomu na asilimia 62.3 upande wa pili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake na kupendekeza dripu moja.

Hii ni rehema kubwa, lakini tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, yaani chupa 12 za miligramu 50. Mwaka 2018 kampuni inayoitengeneza ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa chupa kwa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mara 12 ni dola 195, kabla ya kuhesabu kitanda, sindano na muuguzi. Na bado ni dripu. Mama yule angeniuliza swali lilelile.

4. Kwa nini tusimeze hivyo vifuko?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ini lako hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kila siku. Nyongo hukaa katika kifuko chake chini ya ini, na ukila chakula chenye mafuta humiminwa katika mwanzo wa utumbo mwembamba. Ndani yake mna chumvi za nyongo, na kazi yao ni ileile ya sabuni kwenye vidole: kuyavunja mafuta ya chakula yawe vijipira vidogo ili mwili uyafyonze. Umbo lake ni tofauti kidogo na la sabuni ya kipande. Ni bapa kama sarafu, upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unapenda mafuta.

Liposomu ikimezwa hukutana kwanza na asidi ya tumbo, kisha nyongo, kisha vimeng’enya vya kongosho vinavyokata mafuta. Kwa chumvi za nyongo, liposomu ni mafuta kama mafuta ya mukeke, wala hazina namna ya kujua kwamba ndani yake mmebebwa dawa.

Kifuko huvunjwa kwa hatua tatu. Kwanza, chembe chache za sabuni hujipenyeza katika ukuta bila kuuangusha, lakini ukuta huanza kuvuja. Pili, ukuta hujaa sabuni mpaka hauwezi kupokea nyingine. Tatu, hukatikakatika na kuwa miseli zenye mchanganyiko wa sabuni na fosfolipidi. Maabarani unaliona jambo hili kwa macho: maji yenye liposomu ni meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, na ukiongeza sabuni kidogo kidogo, inafika mahali maji yanakuwa meupe pee, unaona ng’ambo. Vifuko vimekwisha.

5. Wanaoishi ndani ya sabuni

Lakini ngoja kwanza. Kama nyongo inayeyusha kila utando wa mafuta, mbona utumbo wetu umejaa bakteria? Wao pia wamezungukwa na utando wa fosfolipidi.

Waliosoma mikrobiolojia wanakumbuka chakula cha kuoteshea kinachoitwa MacConkey, kwa jina la Mwingereza aliyeeleza matumizi yake mwaka 1905. Ndani yake huwekwa chumvi za nyongo makusudi. Bakteria wengi wa ngozi na wa hewani hufa au hushindwa kukua, na wa utumbo kama E. koli huota vizuri, wakafanya madoa ya rangi ya waridi. Bakteria wa homa ya matumbo, Salmonela Taifi, amewapita wote: anaweza kukaa miaka ndani ya kifuko cha nyongo cha mtu asiyejiona mgonjwa, akijishikiza juu ya mawe ya nyongo na kujifunika ute. Yaani ameweka makazi ndani ya chupa ya sabuni.

Siri yao ni joho. E. koli na Salmonela wana utando wa nje ambao upande wake wa juu haukujengwa kwa fosfolipidi za kawaida, bali kwa lipopolisakaridi: mafuta yaliyofungwa kwenye minyororo mirefu ya sukari. Minyororo inatazama nje, na chini yake chembe zimebanana, zimeshikwa pamoja na madini ya magnesi na kalsiamu. Ukiyaondoa madini hayo, au ukichukua bakteria aliyezaliwa na kasoro ya minyororo hiyo, nyongo humuua kwa urahisi. Wengine huongeza juu yake tabaka la ute wa polisakaridi. Wengine, wakiwemo baadhi ya bakteria wa maziwa yaliyoganda, wamevaa koti la protini zilizosukwa kama mkeka, ambalo kwa kifupi huitwa tabaka S.

Vitu hivi vyote ni polima, yaani minyororo iliyoungwa kwa vipande vingi vinavyofanana, kama tasbihi na punje zake. Watafiti wakajiuliza: kama joho hili linamlinda bakteria asiyeyushwe na nyongo, kwa nini tusilivishe kifuko chetu cha dawa?

6. Ute wa adui wa migomba

Lipopolisakaridi yenyewe haifai. Ikiingia katika damu ya binadamu huleta homa kali na mshtuko. Zinatafutwa polima za bakteria zisizo na sumu, na mfano mmoja unatuhusu sisi Warundi kwa karibu.

Mwaka 2001 mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda, na mwaka 2010 ukathibitishwa hapa Burundi. Mkulima akikata shina la mgomba mgonjwa, baada ya muda huona ute wa manjano ukichuruzika. Ute huo ni bakteria wa jamii ya Xanthomonas pamoja na polisakaridi wanazozitengeneza. Umewatia hasara wakulima wengi katika nchi ambayo ndizi ni chakula na ni fedha ya ada ya shule.

Sasa, ndugu yake bakteria huyo, Xanthomonas campestris anayeshambulia kabichi, hutengeneza ute unaofanana na huo. Katika maabara ya serikali ya Marekani mjini Peoria, mtaalamu Allene Jeanes na wenzake waliuchunguza ute huo, na mwaka 1969 ukaruhusiwa kutumika katika vyakula vya Marekani. Ni ksanthani. Soma karatasi ya mchuzi wa chupa au dawa ya meno, utaiona kwa jina hilo au kwa alama E415. Hutengenezwa kwa kuwalisha bakteria sukari ndani ya mapipa makubwa, kisha ute hukaushwa ukawa unga.

7. Kukivisha kifuko joho

Joho la polima hulinda kwa njia tatu hivi. Ya kwanza ni umbali: minyororo iliyolowa maji huzuia vitu vikubwa, kama vimeng’enya na vifuko vingine, visifike ukutani. Ya pili ni chaji: chumvi za nyongo zina chaji hasi, na polima yenye chaji hasi kama ksanthani huzisukuma mbali. Ya tatu ni kushikilia: polima ikijifunga katika sehemu nyingi za ukuta, hata sabuni ikiingia, vipande haviachani kirahisi.

Mwaka 2007 watafiti wa Argentina walichapisha kazi ambayo ndani yake walivivika vifuko protini za tabaka S kutoka kwa bakteria wawili wa jamii ya Laktobasili, mmoja akiwa wa kefiri, maziwa yaliyochachushwa. Vifuko vilivyovikwa vilistahimili chumvi za nyongo, mabadiliko ya asidi na joto kuliko vilivyo uchi. Mwaka 2012 watafiti wa Sardinia, Italia, walichanganya ksanthani na kitosani, polima yenye chaji chanya inayopatikana katika magamba ya kamba, wakavika liposomu zilizobeba rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Wao walilenga kuivuta kwa mapafu, si kuimeza, lakini wazo ni lilelile.

Kuna pia ulinzi wa ndani ya ukuta wenyewe. Kolesteroli ikichanganywa na fosfolipidi huubana ukuta. Mfano uko katika chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, na ambayo Burundi ilikuwa katika orodha ya nchi 12 zilizogawiwa dozi mwaka 2023. Chanjo hiyo huamshwa na dawa iitwayo QS-21, inayotoka katika gome la mti wa Chile. Gome hilo hutoa povu kama sabuni, na QS-21 ikiwa peke yake hupasua seli. Ikiwekwa pamoja na liposomu zenye kolesteroli, hushikwa na kolesteroli ikatulia, haipasui tena. Mtoto anachomwa sindano yenye sabuni iliyofungwa kamba.

8. Tusidanganyike na matokeo

Mwanafunzi makini haridhiki na kusikia “imelinda”. Anauliza imelinda dhidi ya nini, kwa muda gani, na umejuaje.

Tuseme unataka kujaribu katika maabara yetu. Unahitaji lesithini ya yai, chumvi za nyongo, ksanthani na spektrofotometa. Unatengeneza liposomu, unaona maji meupe. Unagawa katika mirija miwili, mmoja bila polima na mmoja wenye polima, kisha unaongeza nyongo kidogo kidogo ukipima weupe kila mara. Mrija wa kwanza ukang’aa mapema na wa pili ukachelewa, utashangilia. Lakini kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: ksanthani huufanya mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi. Labda nyongo haikuzuiwa, ila imechelewa kuchanganyika tu. Subiri, pima tena baada ya saa moja na saa kadhaa, na weka mrija wa tatu wenye kitu kizito kisichojishika kwenye kifuko.

Mtego wa pili: lesithini ya yai haina chaji kamili, na ksanthani ina chaji hasi, kwa hiyo huenda haijakishika kifuko hata kidogo. Ndiyo maana Waitalia waliweka kitosani, na ndiyo maana wengine hutumia kalsiamu kama daraja. Ukizidisha daraja, vifuko hushikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuzama chini, na weupe unaouona si uzima bali ni mashapo.

Mtego wa tatu: kifuko kinaweza kubaki na umbo lake huku kimeshavuja. Kwa hiyo hutumika rangi iitwayo kalseini. Ikiwa nyingi mahali padogo haing’ai, na ikivuja na kutawanyika hung’aa. Weupe unakuonyesha kama ukuta umesimama, na kalseini inakuonyesha kama mzigo bado umo.

Na hata ukivuka mitego yote, chumvi za nyongo ni chembe ndogo sana. Joho la polima ni kama chandarua: mbu hapiti, moshi unapita. Linachelewesha, halizuii milele. Swali la daktari ni kama ucheleweshaji huo unatosha dawa kufika pale inapotakiwa kufyonzwa. Kisha dawa ikifika, joho lisiwe gumu kiasi cha kuizuia isitoke.

9. Je, ni halali?

Ndugu mmoja aliniuliza hili katika darsa baada ya Alasiri, na ni swali la haki. Fosfolipidi za maabara nyingi hutoka katika yai au soya. Ksanthani hutoka katika sukari iliyochachushwa na bakteria. Nyongo ya ng’ombe iliyomo katika chakula cha kuoteshea haimezwi na mtu. Panapohitaji tahadhari zaidi ni gelatini ya ganda la kidonge, ambayo mara nyingine hutoka kwa nguruwe, na polima za bakteria ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kushika nafasi yake. Kuhusu kitu kilichogeuka kabisa kutoka asili yake, na kuhusu dharura ya mgonjwa, wanavyuoni wana kauli zao, na hayo tuwaulize masheikh wetu. Kazi yetu sisi wa sayansi ni kuwapa masheikh maelezo sahihi ya kilichomo, wasije wakatoa jibu juu ya kitu wasichoelezwa vizuri.

10. Jibu la mama

Kampala wamekwenda mbele. Watafiti wa Makerere wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Minnesota walijaribu amfoterisini ya kumeza kwa wagonjwa wa homa hiihii ya uti wa mgongo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Hawakutumia joho la bakteria. Walitumia utando wa fosfolipidi uliokunjwa kwa kalsiamu, ukajiviringisha kama mkeka, dawa ikiwa katikati ya mikunjo, mahali ambapo maji hayafiki kirahisi. Utafiti ulionyesha kwamba njia ya mdomo inawezekana, ingawa bado haijafika katika maduka ya dawa ya kwetu. Umefanyika Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa kwetu, na waliopima ni pamoja na madaktari wetu.

Basi leo ningemjibu hivi: “Mama, dawa hii haiyeyuki majini, na mwanao akiimeza ilivyo, utumbo hauifyonzi vya kutosha. Tukiiweka katika vifuko vya mafuta, nyongo ya tumboni ni kama sabuni, inavivunja. Watu wanatafuta namna ya kuivisha nguo ili ivuke. Wengine wanaiga bakteria wa tumboni, wengine wanaikunja kama mkeka, na Uganda wameshaanza kuwapa wagonjwa ya kumeza. Kwa sasa tuvumilie dripu, na akitetemeka niite.” Nusu dakika tu. Angeelewa, na pengine angeuliza swali la pili ambalo lingenifundisha na mimi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa, na kwamba tutafute matibabu. Kutafuta ni pamoja na kusoma, kupima, na kueleza kwa lugha inayofahamika. Tumuombe Allah awaponye wagonjwa wetu, atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuifanyia kazi. Wabillahi tawfiiq.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini fosfolipidi hufanya mfuko ilhali sabuni hufanya miseli? Chora chembe zote mbili.
2. Bakteria wa E. koli akiondolewa magnesi na kalsiamu katika utando wake wa nje, kwa nini nyongo humuua?
3. Mwenzako ameleta matokeo kwamba ksanthani “imelinda” liposomu kwa dakika 5. Mtake vipimo gani vitatu zaidi kabla hujamkubalia?
4. Chagua dawa moja ya sindano inayotumika hapa kwetu. Tafuta ni nini kinachoizuia isiwe kidonge, kisha umweleze mtu wa nyumbani kwenu asiyesoma sayansi. Umsikilize atakachouliza.